Jenereta ya Maboksi

Kazimili Lutema alihama Biharamulo kwa sababu ya mvua. Hilo ndilo jibu alilompa kila aliyemuuliza, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake jibu hilo lilikuwa la kweli. Mvua ilinyesha Jumanne mchana ikamkuta mbuzi wa Mama Scolastica malishoni. Mbuzi huyo alikuwa ameuzwa siku nne kabla kama mbuzi wa maziwa wa kisasa, mwenye madoa meusi na meupe, damu ya Ulaya kabisa. Mvua ilipokatika, damu ya Ulaya ilikuwa imetiririkia mtaroni, na pale malishoni alikuwa amesimama mbuzi wa kahawia wa hapa hapa nyumbani, analia mee kama wenzake.

Mama Scolastica, mama lishe wa stendi, alitoka jikoni na mwiko wake mkononi akamtafuta Kazimili mtaa kwa mtaa. Kazimili hakusubiri mazungumzo. Aliwasha pikipiki yake nyekundu, akavaa koti lake la kijivu, akashika njia ya Ngara.

Tusimhukumu haraka. Kuna watu Mungu amewapa mashamba, wengine amewapa mifugo. Kazimili alipewa mdomo na mkono mwepesi wa kupaka rangi, akaambiwa ajitegemee.

Baada ya miezi miwili ya kuhangaika huku na huko, siku moja ya Jumatatu aliingia Murusagamba akiwa na njaa na petroli ya kubahatisha. Alisimama kwenye uzio wa mji mmoja, boma kubwa, kuomba maji, akakuta ugomvi. Msichana mmoja aliyevaa kofia ya jua alikuwa ameshika sufuria inayong'aa kama kioo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Mama Domisiana," msichana alisema, "mimi niliomba hii sufuria jana ikiwa nyeusi. Niliipenda kwa ule weusi wake."

"Nimeisugua kwa mchanga na majivu tangu alfajiri," alijibu mama mwenye mji, akijifuta jasho. "Sufuria yenye masizi kwenye filamu? Watu wa Bukiriro wakiiona watasema Murusagamba hatuoshi vyombo."

"Lakini kwenye hadithi ni jiko la maskini."

"Maskini wa wapi asiye na mchanga?"

Msichana aliiweka sufuria chini. Jina lake Restituta, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha sanaa, na yeye na wenzake watatu walikuwa wamekuja Murusagamba kupiga filamu yao ya mtihani. Mmoja alishika kamera, mmoja aliigiza, Suleman alikuwa mwongozaji, maana yake alipiga kelele. Kazi ya Restituta ilikuwa mandhari na vifaa: kila ukuta, kila duka, kila meza na kila kikombe kinachoonekana kwenye picha. Bajeti yao ilikuwa imeishia kwenye nauli. Kwa hiyo alitengeneza alichoweza kwa maboksi na uji wa unga wa muhogo badala ya gundi, na alichoshindwa kutengeneza aliazima kwa wanakijiji. Na kila alichoazima kikiwa kimechakaa vizuri, kwa uchakavu ule anaoutaka, kilimfikia kimeoshwa. Kiti cha zamani kililetwa kimepigwa msasa. Baiskeli mbovu ililetwa na kengele mpya. Bibi mmoja alikuwa ameombwa kuku wake tu, akamwogesha.

Kazimili alikunywa maji yake taratibu, akitazama. Uani kulikuwa na redio tatu, cherehani, viti, vikapu, mikeka, vyote vimeletwa na wenyewe kwa miguu yao, bila karatasi wala sahihi. Ilitosha kutamka neno filamu na mtu anakupa kitanda chake alale chini. Wezi wa mjini wanavunja milango usiku, aliwaza, kumbe huku milango inatembea yenyewe kuja kwa mwizi.

Halafu nyuma ya nyumba kitu kikaunguruma. Ilikuwa jenereta. Umeme wa gridi ulikuwa umefika Murusagamba, lakini ulikuwa na tabia za mkwe: unakuja siku ambayo huuhitaji, na siku ya mechi kubwa haupo. Mzee Danstan, mume wa Mama Domisiana, ndiye aliyekuwa na banda la video na jenereta kubwa ya rangi ya bluu, yenye nguvu ya kuwasha televisheni mbili, friji la soda na simu sitini kwa mpigo. Kazimili aliisikiliza ikiunguruma, na moyo wake ukajibu.

Palepale akazaliwa Profesa Elick.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee Danstan alimpima kuanzia viatu. "Unatoka wapi na koti hilo juani?"

"Natoka Dodoma, mzee. Mimi ni Profesa Elick, mtaalamu wa mandhari ya filamu. Nimetumwa kuwasimamia hawa vijana." Kazimili akashusha sauti. "Nimeiona jenereta yako. Mzee, hiyo jenereta ina sura."

"Jeneleta ina sula?"

"Ina sura ya filamu. Ziko jenereta nyingi zina nguvu lakini hazina sura. Unajua kitu kikishaonekana kwenye filamu kinakuwa nini? Kinakuwa kumbukumbu. Kuna mzee mmoja kule Geita, birika lake lilionekana kwenye filamu kwa dakika moja tu. Leo makumbusho wanamwomba walinunue kwa bei ya ng'ombe wawili. Amekataa! Anataka watatu."

Mzee Danstan alikuwa mtu mgumu. Ndiye aliyemtoza padri kuchaji simu ya kanisa. Lakini hesabu ya birika na ng'ombe wawili ilimwingia, maana kama birika ni ng'ombe wawili, jenereta ni zizi zima.

"Watailudisha?"

"Kwa heshima."

"Basi waniachie rehani. Hapa kwetu kitu kikubwa hakitoki mikono mitupu."

Kwa Restituta, Kazimili alikwenda na hadithi nyingine. Huko hakuwa mkubwa wa mtu; alikuwa fundi rangi mpita njia, anayependa sanaa, ambaye watu humwita Profesa Elick kwa utani tu, aliyemlainisha mzee mpaka akakubali kutoa jenereta. Kwa mzee alikuwa bosi wa vijana, kwa vijana alikuwa mjumbe wa mzee, na katikati ya uongo huo wa aina mbili alipewa chakula pande zote mbili.

Restituta aliposikia habari ya rehani alianza kuhesabu walichonacho. Filamu yao iliitwa *Umeme wa Bega*, habari za mtu anayebeba jenereta begani kupanda mlima ili kijiji chake kipate mwanga. Bila jenereta hakuna filamu. Na kitu pekee cha thamani walichokuwa nacho ni kompyuta mpakato yenye picha zote walizopiga tangu mwanzo. Hakukuwa na nakala nyingine. Nafasi ya kuhifadhia mtandaoni nayo ilikuwa inauzwa.

"Jenereta ikipotea," aliuliza, "mzee anabaki na kompyuta?"

"Itapoteaje, dada yangu? Mimi nipo!"

Restituta alimtazama mtu huyu aliyekuwepo. Kompyuta ikienda, mwaka wake wote unakwenda, na baba yake alishamwambia kwamba shamba la maharage bado lipo pale pale. Alikwenda akaikabidhi kwa Mzee Danstan kwa mikono miwili, naye mzee akaifungia kabatini pamoja na hati ya kiwanja.

Sasa, hakuna mzee anayekubali jenereta yake iangushwe mlimani. Ndani ya hadithi, mbebaji alitakiwa kuteleza na kuanguka nayo. Kwa hiyo Restituta ilibidi atengeneze pacha: jenereta ya maboksi, isiyotofautiana na ya kweli hata kwa mwenyewe. Siku ya Alhamisi yeye na Profesa Elick waliketi chini ya mgomba na rundo la maboksi ya mafuta ya kupikia.

Hapo ndipo Kazimili aligundua kwamba ujanja wake wote wa miaka kumi ulikuwa wa chekechea.

"Weka matofali mabichi ndani," Restituta alimwagiza.

"Ya nini? Si iwe nyepesi abebe kwa raha?"

"Mwigizaji akibeba kitu chepesi, bega lake linasema uongo. Mtazamaji hajui kwa nini, lakini haamini. Uzito uwe uleule." Akachukua bomba la baiskeli ya zamani akalifunga juu kuwa mshikio. "Hapa pawe chuma kweli. Mkono unajua baridi ya chuma. Na hii kamba ya kuwashia ni ya kweli pia. Sasa ipake petroli kidogo na oili chafu."

"Harufu itaonekana kwenye picha?"

"Haitaonekana. Ila mwigizaji ataisikia, atakunja pua mwenyewe."

Kazimili alipaka. Alianza kwa kujifanya, na baada ya nusu saa hakuwa anajifanya tena. Mkwaruzo ulio kwenye jenereta ya kweli aliuweka kwenye ya maboksi. Kutu ya pembeni aliichanganya kwa majani ya chai na vumbi jekundu. Alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja, akasogea akaongeza tone. Jioni ilipofika pale chini ya mgomba zilikuwa jenereta mbili, na Mzee Danstan alipokuja kuchungulia aliipiga kofi la mgongo ile ya maboksi, akamwambia mkewe, "Mashine hii nilinunua mwenyewe Mwanza."

Kazimili alijisikia vizuri kifuani, hisia ambayo hakuizoea, akadhani ni kiungulia.

"Una mkono," Restituta alisema. "Ulijifunzia wapi?"

"Mifugo," Kazimili alijibu, kisha akakohoa.

"Tuombe tu mvua isinyeshe. Rangi ya mafuta hatuna uwezo nayo, hii ni ya maji." Akaandika kitu kwenye kikaratasi akakibandika kwa ndani kabla ya kufunga kifuniko, kama alivyofanya kwa kila kifaa chake.

Jumamosi asubuhi walipiga ile picha ya kuanguka. Mwigizaji aliteleza, jenereta ya maboksi ikabiringika, akina mama waliosimama pembeni wakapiga yowe la kweli, na Suleman akarukaruka kwa furaha. Ilipata vumbi tu. Baadaye zote mbili zikaingizwa stoo ya Mzee Danstan, moja huku, nyingine kule, na Profesa Elick akakabidhiwa ufunguo kwa ajili ya, kama alivyosema, kuangalia rangi inavyopumua.

Sasa Kazimili aliogopa kazi yake mwenyewe. Jumapili, siku aliyopanga kuondoka na ile ya kweli, atakuwa na haraka, na stoo ina dirisha moja la ukubwa wa kitabu. Kwa hiyo alichukua brashi nyembamba, akaweka nukta moja nyekundu, ndogo kuliko mbegu ya mtama, chini ya mshikio wa jenereta ya kweli. Akampigia simu Habonimana, mfanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka anayenunua chochote chenye injini, wakakubaliana kukutana mpakani Kabanga Jumapili alasiri.

Mchana wa Jumamosi hiyo hiyo Restituta alipita akiuliza kila mtu swali la ajabu.

"Natafuta koti. Ndani ya filamu kuna tapeli. Nataka koti la mtu asiyeaminika, lakini anayeaminiwa."

Alizunguka nyumba saba. Makoti ya Murusagamba yote yalikuwa ya watu waaminifu, yanabana kwapani. Mwishoni alisimama mbele ya Kazimili, akalitazama koti la kijivu kwa huzuni ya mtu anayeona kitu asichoweza kukipata.

"Hili hapa ndilo lenyewe, Profesa. Lakini siwezi kukuomba."

Sifa ni kitu kibaya. Kazimili alilivua mwenyewe, akalikung'uta, akampa. Turubai lake la kufunikia mizigo lilikuwa limeshakwenda tangu Jumatano kuwa paa la duka la kwenye filamu. Hakuhesabu. Mtu anayengojea jenereta hahesabu turubai.

Tukubaliane kwamba jambo lililofuata halikupangwa na mtu. Mama Domisiana alisikia kwamba Jumatatu jenereta itapigwa picha ya karibu kabisa, uso wake ujae kioo chote. Hakulala na aibu hiyo. Jumamosi jioni, na ufunguo wake wa akiba, aliingia stoo na ndoo ya maji ya moto, sabuni ya unga na kitambaa, akaisugua ile jenereta ya kweli mpaka ikang'aa. Ile nyingine alishaambiwa ni ya maboksi, na maboksi hayaoshwi. Akiwa ameshika kasi hiyo, akachukua na koti la kijivu lililowekwa hapo pamoja na vifaa, akalifua. Ndani ya bitana alikuta kitambulisho cha taifa. Hakujua kusoma vizuri, akakipeleka kwa Restituta.

Restituta alisoma jina. Restituta alikuwa mzaliwa wa Biharamulo, na Biharamulo nzima, kuanzia stendi hadi hospitali, ilikuwa inalijua jina hilo pamoja na habari za mbuzi.

Hakumwambia mtu. Aliazima ule ufunguo wa akiba, akawasha tochi ya simu, akaenda stoo kukagua vifaa vyake, kama afanyavyo kila siku.

Jumapili asubuhi kijiji kizima kilikwenda misa. Profesa Elick aliomba radhi, tumbo. Nyimbo zilipoanza kusikika kutoka kanisani aliingia stoo. Kulikuwa na jenereta mbili. Moja ilikuwa inang'aa, bluu ya kitoto, inanukia sabuni, kama kitu kilichotoka kuchorwa. Nyingine ilikuwa na vumbi, oili, mikwaruzo, inanuka petroli. Aliinama chini ya mshikio wa ile safi: hakuna kitu. Akainama chini ya ile chafu: nukta nyekundu, ndogo kuliko mbegu ya mtama.

Kazimili akacheka peke yake. "Restituta, mwanangu," alinong'ona, akiitazama ile inayong'aa, "umeizidisha rangi. Uliniambia mwenyewe, kitu cha kweli hakiwi kisafi."

Akashika mshikio wa ile chafu. Chuma kilikuwa baridi. Uzito uleule. Wakati waumini wanasimama kwa ajili ya Injili, alikuwa ameshaifunga kwenye pikipiki kwa mpira, amefunika na gunia, anateremka barabara ya mawe bila kuwasha injini.

Mvua ilimkuta Kabanga. Ilianza taratibu kama mtu anayebisha hodi, malori yakiwa yamepanga foleni mpakani na wabadili fedha wakikusanya viti vyao. Habonimana alikuwa anamsubiri barazani kwa muuza mishikaki, mtu mnene mwenye kofia ya pama.

"Amahoro, Profesa. Iko wapi?"

Kazimili alifunua gunia kwa madaha ya mtu anayemwonyesha mwenzake bibi harusi. Habonimana alizunguka mara moja. Alinusa petroli, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alishika chuma. Aliinua kidogo, akaguna kwa uzito.

"Egome, ndiyo. Hii ni mashine. Niisikie sasa."

Akashika kamba akaivuta. Kamba ilikuja. Ilikuja na ubavu mzima wa jenereta, ukining'inia kama sikio la ndovu, na kwa ndani yake kulikuwa na maandishi makubwa: MAFUTA YA KUPIKIA, LITA ISHIRINI. Mvua ikapata mlango. Bluu ikaanza kuteremka kwenye tangi la pikipiki, kutu ya majani ya chai ikafuata, uji wa muhogo ukalainika, na matofali mabichi mawili yakadondoka moja baada ya jingine kwenye tope, bila haraka.

Kazimili alisimama ameachama. Aliwahi kuliona tukio hili, lakini wakati ule alikuwa upande wa pili wa barabara, na kitu kilichokuwa kinachujuka kilikuwa na miguu minne.

Habonimana aliokota kikaratasi kilichobandikwa kwa ndani, akakisoma kwa sauti ili na muuza mishikaki asikie. "Kifaa cha filamu. Si kitu cha kweli. Ukikiokota, tafadhali mrudishie Restituta, Murusagamba. Rangi imepakwa na Profesa Elick." Akainua macho. "Profesa Elick si wewe?"

"Ni mimi."

"Umeiba kazi yako mwenyewe?"

Habonimana alicheka mpaka akakaa chini. Kila alipojaribu kusimama alilitazama tofali akakaa tena. Mwishowe alisema kwamba kwa usumbufu wa kuvushwa mpaka siku ya Bwana, Profesa atamlipia mishikaki kumi na soda, na Kazimili alilipa, shilingi zake za mwisho, huku shati likimganda mwilini. Ndipo alipopapasa kifuani kutafuta kitambulisho, akakumbuka koti.

Simu ikaita. Alikuwa Restituta, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Fundi, tumbo linaendeleaje? Sikia, Suleman anataka kurudia ile picha ya kuanguka. Ya maboksi siioni stoo. Umeichukua kuirekebisha, eeh?"

Kazimili alitazama matofali. "Nimeichukua kuirekebisha," alisema.

"Nilijua tu. Basi kesho saa nne iwe tayari. Kitambulisho chako ninacho mimi, kimekaushwa vizuri. Ulisema unaitwa nani vile?"

Alirudi Murusagamba akiwa ameandaa uongo wa aina saba, na hakuna hata mmoja uliohitajika. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Jenereta ya Mzee Danstan ilikuwa stoo, safi, haikuwahi kutoka. Kompyuta ilikuwa kabatini. Hakuna aliyemkasirikia, maana hakuna aliyeibiwa. Mama Domisiana alimpa uji wa moto kwa ajili ya tumbo na kumwambia apumzike. Miaka kumi ya utapeli, na hakuwahi kuaibishwa kwa kukaribishwa.

"Ile nukta," alimuuliza Restituta asubuhi, wakikata maboksi mapya. "Uliiweka wewe?"

"Kazi yangu ni vitu viwili vifanane," Restituta alijibu bila kuinua macho kwenye mkasi. "Niliikuta imesafishwa kwenye ile ya mzee, imebaki alama kidogo ya wekundu, nikaifuta nikaihamishia kwenye ya maboksi. Anayetia alama kwenye kitu cha watu ana safari. Nikasema nimrahisishie msafiri."

"Kwa nini hukuniitia watu?"

"Ningekuitia watu, nani angepaka rangi? Shika hapa. Kitambulisho utakipata filamu ikiisha. Kama asemavyo mzee, kitu kikubwa hakitoki mikono mitupu."

Alifanya kazi wiki tatu bila mshahara. Alipaka ukuta wa benki, mlango wa mahakama, na televisheni ya maboksi iliyomfanya mgeni mmoja aombe abadilishiwe kituo. Jenereta ya kweli ilipigwa picha yake ya karibu baada ya Restituta kuipaka vumbi upya huku Mama Domisiana amefumba macho. Mzee Danstan aliirudisha kompyuta mkononi mwa Restituta siku ya mwisho, akaikagua jenereta yake pande zote, akauliza makumbusho wanakuja lini. Restituta aliipakata ile kompyuta kifuani akalia kidogo, kisha akafuta machozi kwa kofia.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye banda la Mzee Danstan, na watu walikuja hata kutoka Bukiriro. Kazimili alikaa mstari wa mbele, na koti lake lililofuliwa na kupigwa pasi mpaka limepoteza ujanja wote. Watu walimwona mbebaji akianguka, wakalia. Waliiona jenereta ikiwaka, wakapiga vigelegele. Kazimili alipoona ukuta wake wa benki umejaa shuka lote jeupe la kuonyeshea filamu, na hakuna hata mmoja anayesema si benki, macho yake yalimwasha na akajua hiki si kiungulia.

Majina yakaanza kupita. Mwongozaji, Suleman. Mandhari na vifaa, Restituta. Halafu kwa herufi za urefu wa mkono: RANGI NA UCHAKAVU: KAZIMILI LUTEMA, WA BIHARAMULO. Kila kitu ndani ya filamu ile kilikuwa cha bandia isipokuwa jina hilo.

"Nani huyo?" Mzee Danstan aliuliza. "Kazimili ndiye nani? Plofesa Elick mbona hawajamwandika?"

"Mimi ninamjua," ilisema sauti ya mwanamke kutoka nyuma.

Kazimili hakugeuka. Sauti ile aliijua hata bila mwiko. Mama Scolastica alikuja mbele taratibu, mgeni rasmi wa Restituta, amevaa kitenge kipya, na nyuma yake kwa kamba alimvuta mbuzi wa kahawia.

"Hujambo, baba?"

"Shikamoo, mama," alisema Kazimili, kwa sauti ya kitoto.

"Marahaba. Nimekurudishia bidhaa yako. Imechujuka." Akamwekea kamba mkononi. "Sasa nipe ufunguo wa pikipiki."

"Mama, pikipiki na mbuzi si sawa!"

"Si sawa kabisa. Hicho kinachozidi ni maziwa ya miezi mitatu ambayo sikuyakamua."

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mstari wa pili akisikiliza kwa umakini wa kikazi. Restituta alisimama kando ya shuka na kitambulisho mkononi. Kazimili aliwatazama wote, akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Mama Scolastica akaupokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa kupokea zawadi, na kitambulisho kikarudi kwa mwenyewe.

Alitoka nje akimvuta mbuzi. Barabara ya Ngara ilikuwa ndefu na yenye mawe, na mbuzi hakuonyesha haraka. Alikuwa amefika kwenye kona ya migomba aliposikia Restituta anamwita.

"Fundi Kazimili! Mwezi ujao tuna filamu nyingine. Safari hii wenye filamu wana bajeti kidogo, na fundi rangi analipwa. Wanataka kundi la ng'ombe wa madoa, na mimi nimepata wa kahawia watupu."

Kazimili alisimama bila kugeuka. Alitaka kuendelea kutembea, Mungu ni shahidi. Mbuzi akamtazama.

"Wangapi?" aliuliza.

"Kumi na wawili."

"Kwa rangi ya maji au ya mafuta?"

"Ya mafuta," alisema Restituta. "Masika yanakaribia."